Batli ya Ziwa Muhazi

Mtu anayepima kina cha ziwa kwa kamba yenye jiwe, kisha anachora ramani, wakati nchi iko vitani, wewe ungemdhania nini? Mimi nilimdhania hivyohivyo. Mwenzenu sikuzaliwa jana.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Nyumbani kwetu kulikuwa Nyamirambo, hapo Kigali, ila siku za kazi nilikaa Muhazi, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kwenye gati lenye mashua saba za tanga za Wazungu. Nilikuwa mpishi na mfuaji wa mzee mmoja na mkewe. Hao walikuwa wamezunguka bahari zote za dunia miaka kumi na moja, wakauza chombo chao kikubwa Mombasa, wakaja Kigali kufundisha. Wangepanga nyumba nzuri mjini kama watu wengine, lakini wapi! Walinunua kimashua cha futi ishirini na tano, wakakileta kwa lori, wakalala humo.

Na wenzao wa gatini walikuwa vilevile, watu wa safari ndefu waliokwama kwenye ziwa la ndizi na mihogo. Hawakuitana kwa majina yao, waliitana kwa majina ya mashua. Ukitaka kumwamkia jirani unagonga ubavu wa chombo chake mara mbili, unangoja. Nguo wanaanika kwenye kamba za mlingoti, hata chupi, mchana kweupe. Kila Jumamosi walikunywa chai kwa zamu na kubadilishana vitabu vilivyovimba kwa maji, huku wakisimuliana tufani. Nikawa najiuliza, watu wenye akili timamu, waliokwisha kuona dunia yote, wanatafuta nini hapa? Tena sasa?

Kujiuliza kwangu kulikuwa na sababu. Oktoba ya mwaka uliotangulia, vita vilipoanza kaskazini, walikamatwa watu wengi mtaani kwetu. Fundi cherehani wa mlango wa pili alichukuliwa kwa sababu ya barua tu, na aliporudi baada ya miezi hakuweza tena kushika sindano. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, mgeni, mke wa Mnyarwanda, nina kibali cha kukaa chenye muhuri uliofifia. Mtu kama mimi akiandikwa vibaya mahali, amekwisha. Wasiwasi huo nililala nao, niliamka nao.

Sasa sikia. Mzee alikuwa na kitabu kikubwa cha jalada jeusi, batli, kitabu ambacho nahodha huandika habari za kila siku za chombo: upepo, mawingu, nani amepita. Chombo chenyewe kimefungwa gatini, hakiendi popote, yeye bado anaandika! Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa, "Mimi na mama tukienda shule, andika wewe. Saa mbili, saa sita, saa kumi. Batli haiachwi tupu hata siku moja."

Nilitaka kukataa. Lakini akausifu mwandiko wangu, na mimi, haki ya Mungu, nikisifiwa nalainika. Nilimaliza darasa la saba kwa herufi nzuri kuliko za mwalimu. Basi nikaandika. Na nikianza kazi huwa sifanyi nusunusu. Upepo wa mashariki, haba. Mtumbwi wa ndizi, watu wanne. Malori matatu ya askari barabara ya ng'ambo, yanaelekea kaskazini. Malori hakuniagiza mtu, niliyaona nikayatia. Jioni mzee alisoma ukurasa wote polepole, akasema, "Vizuri sana." Nikajisemea, kumbe ndicho anachokitaka huyu.

Wiki tatu nilikaa na neno hilo kifuani. Jumapili moja nikiwa nyumbani Nyamirambo, jirani yangu, mke wa mkuu wa selire, yaani mkubwa wa mtaa wetu, alikuja kuazima kinu. Tukachambua dagaa. Nikamwambia, "Dada we, yule mzee wangu ananitia wasiwasi. Anachora ramani ya ziwa, na kila anayepita anaandikwa." Nilisema "anaandikwa", sikusema nani anaandika. Akaguna, akachukua kinu akaenda. Mdomo huponza kichwa, na mimi methali hiyo naijua tangu utoto.

Jumatano asubuhi, mzee na mkewe hawajaondoka kwenda shule, wakaja askari sita na ofisa mmoja. Walikwenda moja kwa moja kwenye mashua yetu, hawakugonga ubavu. Wakatoa ramani, wakatoa batli. Ofisa akasimama gatini, akafungua, akasoma kwa sauti: "Malori matatu ya askari." Akageuza ukurasa. "Malori matano." Kisha akauliza, "Hii nani iliandika? Hii si mukono ya Muzungu."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage, nikaiweka chini. Niliogopa, sitaficha, niliogopa mpaka nikasahau jina la baba yangu. Majirani wote sita walikuwa kwenye mashua zao, wakichungulia tu.

Mzee hakunitazama hata kidogo. Akasema, "Kwenye chombo, kila neno la batli ni la nahodha. Huyu mama ni mkono tu, mimi nilimtamkia." Akaomba kalamu. Akaketi juu ya pipa, akatia saini chini ya kila ukurasa wangu, mmoja baada ya mwingine, ofisa akimngoja. Wakamchukua yeye.

Siku nne mkewe hakula. Majirani wale wa chai hakuna aliyegonga ubavu wetu. Siku ya tano mzee alirudishwa, jicho moja limevimba, na karatasi ya kumwamuru aondoke nchini ndani ya siku mbili. Mimi sikuulizwa kitu, hata kibali changu hakikutazamwa.

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nilimkandia jicho kwa maji ya chumvi na neno lilikuwa hapa kooni, nikalimeza. Alinishukuru kwa maji.

Asubuhi ya kuondoka, mkewe alinivuta pembeni, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu," akasema, "kuna mtu alisema maneno. Ni mtu wa karibu, anayejua mambo yetu ya ndani. Sisi tunakwenda, wewe unabaki naye. Ujihadhari."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Nitajihadhari naye."

Akanibusu paji la uso, na mimi nikambebea begi lake mpaka garini.