Kisanduku cha Sikio la Kushoto

Mimi ni binti wa mwalimu aliyetoka Ukambani akaja kufundisha Garissa, akakaa. Nimezaliwa hapa, nimesomea hapa, na Kisomali changu ni cha sokoni: kinatosha kununua maziwa, hakitoshi kugombana. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia niliwahi kuandika programu ya ngamia waliopotea, wanadhani najua ngamia. Sikujua lolote. Nilijua kompyuta, na nilikuwa na jeuri ya mtu anayejua kitu kimoja vizuri.

Chama kimoja cha wafugaji kilikuwa na ofisi ya chumba kimoja karibu na soko la mifugo. Mlikuwa na kompyuta ya mezani, feni, na rundo la madaftari ambayo mchwa walikuwa wameanza kuyasoma kabla yetu. Yalikuwa madaftari ya wanyama waliopotea, baadi, kama wanavyoitwa kwa Kisomali. Huku kwetu, ukimkuta porini ngamia asiye wako, humfukuzi wala humchinji. Unamwingiza katika kundi lako, unamchunga pamoja na wako, na unatuma habari. Mwenyewe atatokea siku yoyote, anauliza. Chama kilichukua kazi ya kuandika habari za aliyeokota ili aliyepoteza azikute. Katibu wake, kijana mpole mwenye sauti ndogo, ndiye aliyeniomba nimtengenezee programu.

Nikamtengenezea fomu ya visanduku kumi na vinne, zile nafasi nyeupe za kuandikia: jinsia, umri, rangi, chapa, sikio la kulia, sikio la kushoto, nundu, na kuendelea mpaka mahali alipoonekana na simu ya aliyemwona. Kisanduku kimoja hakina taabu. Kumi na vinne ni kama watoto wa darasa la kwanza, kila mmoja anataka kuangaliwa kivyake. Huyu yuko tupu, huyu ameandikiwa rangi mahali pa umri, huyu ameachiwa nafasi mbili za bure mwishoni. Anayejifunza huandika amri moja kwa kila kisanduku, na kazi inageuka msitu. Mimi niliandika mzunguko mmoja wa mistari minne unaopita kwenye visanduku vyote, kimoja baada ya kingine. Ukikuta kilicho tupu unakipaka rangi nyekundu, unakataa kuhifadhi, na unaandika: "Tafadhali jaza visanduku vyote."

Nisiwe mnafiki, niliupenda mzunguko ule. Nilikaa nikiutazama unavyopita, mistari minne tu ikichunga visanduku vyote bila kuruka hata kimoja, na nikashangaa kama mtu aliyeona mvua mara ya kwanza. Nikamwita katibu aje aone. "Mashallah," akasema. "Sasa hakuna mtu atadanganya." Kichwa kikanivimba.

Wiki ya kwanza nilikaa kwenye kibodi mwenyewe, nijaribu kazi yangu. Siku ya tatu akapiga simu mwanamume mmoja mwenye kambi ya ngamia upande wa barabara ya Modogashe. Aliongea Kiswahili cha kujitahidi, na upepo ulikuwa ukipuliza ndani ya simu.

"Ngamia ya kike. Iko hapa kwangu siku mbili."

Nikamuuliza kisanduku baada ya kisanduku, naye akajibu bila kusita: mweupe anayeelekea wekundu, chapa ya namna hii begani, sikio la kulia zima.

"Sikio la kushoto?"

"Hiyo wacha."

"Halina alama?"

"Hiyo iko na mwenyewe, walaal," akasema, yaani ndugu.

Nilidhani amechoka, au hakuangalia. Nikabonyeza kuhifadhi, na kile kisanduku kikawaka nyekundu. Tafadhali jaza visanduku vyote. Nikaandika "hakuna," wekundu ukatoka, habari ikahifadhiwa. Haikunichukua hata sekunde tatu.

Kesho yake asubuhi akaingia bibi mmoja na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekuja juu ya lori la mbuzi kutoka Bura ya huku Fafi. Nikamwita ayeeyo, yaani bibi, naye akaniita ayeeyo vilevile, kwa sababu kwa Wasomali jina la heshima hurudi lilikotoka. Nikampa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Ngamia wake alikuwa amezaa siku kumi na mbili tu zilizopita. Fisi waliwavamia, ngamia akakurupuka gizani, na asubuhi nyayo zake zilikuwa zimeingia katika nyayo za kundi kubwa lililokuwa likipelekwa sokoni. Siku tano sasa. Ndama alibaki nyumbani, na mkwe wake alikuwa akimnywesha maziwa ya mbuzi kwa birika.

"Jana amekataa birika," bibi akasema. "Ameweka kichwa chini. Siku mbili ingine, basi."

Hakulia. Alisema jinsi mtu anavyosema mafuta ya taa yamekwisha. Nikamwambia asijali, nikafungua fomu, nikaweka vidole tayari.

"Ngamia ni wa rangi gani, ayeeyo?"

Hakunijibu swali langu. Akafumba macho, akaanza masikioni akarudi nyuma, upande wa kulia kwanza kisha wa kushoto. Alisema jinsi masikio yalivyokatwa na yalivyopona, shingo, chapa na mkono uliotetemeka ukiichoma, nundu iliyolalia upande mmoja tangu ukame, mguu wa nyuma wa kulia unaokanyaga nje kidogo hata ukiona unyayo peke yake unamjua. Akasema sauti yake, anachokiogopa, na tabia ya mama yake mzazi. Vidole vyangu vilibaki nyuma nikaacha kuandika. Sijawahi kumsikia mtu akimsema mtu hivyo, wala mama akimsema mwanawe. Nilihisi ngamia amesimama chumbani, na nikasogeza kiti bila kujua.

Nikamwomba arudie, akarudia neno kwa neno, safari hii akinisubiri. Nikajaza, nikabonyeza kutafuta. Programu yangu ilitaka visanduku vyote vya mwili wa mnyama vilingane. Ikajibu mara moja: "Hakuna ngamia aliyepatikana."

Nikamsomea. Akageuka akaitazama skrini.

"Nani anasema hakuna?"

"Kompyuta, ayeeyo."

"Yeye ameenda kutafuta wabi?"

Katibu akacheka, mimi sikucheka. Nikaanza kueleza kwamba kompyuta haiendi popote, inalinganisha maneno tu. Bibi akainua mkono. "Ngamia ya kike ngabi iko ndani?" Walikuwa kumi na mmoja. "Soma yote, bole bole."

Nikasoma, nikiona ni kupoteza muda. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, yeye amefumba macho tena. Nilipofika wa saba akashika ukingo wa meza. "Huyo."

"Si huyo, ayeeyo. Wako ana alama sikio la kushoto. Huyu hana."

"Soma tena ile ya sikio."

"Sikio la kushoto: hakuna."

"Mtu ameokota, alisema hana, ama hakusema?"

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho hadi leo kinaniwasha. Nilisema, "Alisema hana." Nilikumbuka vizuri sana kwamba hakusema hivyo. Lakini katibu alikuwa amesimama pale, na mistari yangu minne ilikuwa ndiyo fahari yangu yote, na uongo ulitoka kabla sijauita. Bibi akatikisa kichwa taratibu, akaanza kufunga shuka lake. Akamuuliza katibu kama kuna lori la kurudi Bura. Angeanza upya upande wa kusini, kinyume kabisa na kule alikokuwa ngamia yule wa saba.

Nilimwona akiweka mkono chini ajiinue. Nikasema, "Ayeeyo, ngoja. Hakusema hana. Alisema, hiyo wacha, hiyo iko na mwenyewe. Mimi ndiye niliyeandika hakuna."

Nilitarajia anitukane, ningestahili. Alirudi kukaa, uso ukamfunguka wote, akapiga paja. "Alhamdulillahi! Huyo ni mtu."

Akanieleza kama unavyomweleza mtoto, na kweli nilikuwa mtoto. Aliyeokota ngamia hasemi alama zote. Akizisema zote, kila mwongo atakuja na maneno yaleyale achukue mali ya wenyewe. Kwa hiyo anabakisha moja. "Hiyo moja ni ya mwenyewe kusema. Wewe umejaza," akasema, bila ukali. "Umejaza fahali ya mwenyewe." Alimaanisha pahali, na mimi nilimwelewa sana.

 Miaka yote nimefundishwa kwamba kisanduku kitupu ni kosa, ni uvivu wa mwandishi, ni kitu cha kupakwa nyekundu. Kumbe watu waliokaa porini na ngamia wao wana utupu wa aina tatu. Kuna wa "sikuangalia." Kuna wa "niliangalia, hana." Na kuna wa "naona, ila nakuwekea wewe." Mtu asiyejua kusoma, na upepo ukimpiga simuni, alizitenga hizo tatu kwa usahihi kuliko mashine yangu, na bila jeuri yoyote. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza; wangu ulikuwa mchana kweupe, na feni ikizunguka.

Tukapiga simu. Mteja hapatikani. Tukapiga tena, hapatikani. Katibu akasema mtandao kule unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na mtu huenda huko akisharudisha ngamia kivulini. Basi tukangoja. Bibi akaswali adhuhuri pembeni, akakaa na tasbihi yake. Mimi nikaufungua msimbo wangu nikaufuta ule mzunguko. Kisha nikaandika mwingine, unaopita kwenye visanduku vilevile na kuuliza, kwa kila kilicho tupu: hakuangalia, hana, au amebakiza? Mistari ilifika ishirini. Haikupendeza machoni hata kidogo. Kila baada ya muda nilimtazama bibi, nikimfikiria ndama aliyeweka kichwa chini, na nikapiga simu tena.

Baada ya alasiri ikaita. Katibu akaweka sauti ya wazi, nao wakaongea Kisomali, yeye akinitafsiria pale nilipoachwa. Nilidhani watakwenda moja kwa moja kwenye ngamia. Hawakwenda. Waliulizana amani, wakaulizana mvua, majani, maji, afya ya wanyama, huku mimi nimekaa kwenye ncha ya kiti kama mwenye ngamia ni mimi. Ndipo yule mwanamume akauliza: sikio la kushoto?

"Mikato miwili mbele," bibi akasema. "Ule wa chini ulichanika akiwa mdogo, mwiba ulimshika. Ukapona umekunjamana, unashika kidole."

Tulisikia upepo. Nadhani alikuwa akijikumbusha kidole chake mwenyewe. Kisha akasema, "Ngamia ni wako. Njoo umchukue."

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Watu wawili ambao hawajapata kuonana walishikana mkono kwenye kovu la sikio, umbali wa saa kadhaa za lori. Bibi akauliza jambo moja tu zaidi, kwa sauti ya chini: ana maziwa?

"Anagoma," yule mwanamume akajibu. "Lakini tunamkamua kidogo kidogo, asubuhi na jioni, asikauke. Nilipoona kiwele nilijua yuko mtoto mahali."

Katibu alipomaliza kutafsiri hayo, bibi alifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mimi nilitazama fomu yangu, visanduku kumi na vinne na hakuna hata kimoja cha maziwa. Mtu yule hakumjua mwenye ngamia, hakujua kabila lake wala upande atokako, lakini siku zote zile alikuwa akimlisha ndama asiyemwona.

Katibu akampata dereva wa lori tupu lililokuwa likielekea barabara ya Modogashe, na kesho yake alfajiri bibi akaondoka nalo hadi kule kambini, wampakie ngamia, wageuze kuelekea Bura. Nilimwomba msamaha mlangoni. Akaniambia, "Ayeeyo, mtu hajui ni mtu anauliza," akapanda. Siku ile nzima sikupiga simu. Niliogopa jibu. Siku ya pili asubuhi pia sikupiga, nikajitia hamnazo, nikipanga visanduku upya ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Karibu na saa nne simu ikaita yenyewe. Nikasikia kelele za watu, mbuzi, kisha sauti ya bibi, karibu sana: "Sikiza." Akaisogeza simu kwa ndama. Ilikuwa sauti nzito, ya majimaji, ya kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, na katikati yake ngamia mkubwa akiguna. Ilienda kwa muda mrefu. Niliisikiliza mpaka simu yake ikaisha chaji.

Katibu akaingia na chai, akaniona nalia juu ya kibodi, akauliza kwa hofu nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, ndama amenyonya.