Nyuzi za Sweta Ndani ya Chai

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kyimo kwamba yule bwana tuliyemwita Injinia wa Ndege amefariki. Jina hilo hatukumpa kwa heshima. Alirudi kutoka Ulaya enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huria, akisema amesoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa ndege na vyombo vya anga, nasi wa Tukuyu tukatazamana. Shirika la umma lililompeleka kusoma lilikuwa linapunguza watu, kwa hiyo aliishia kwao, migombani, akitengeneza mashine za kusaga. Mtu aliyesomea ndege anatafuta nini kwenye pumba? Wakati ule nilikuwa nafundisha fizikia mjini, na nakiri kwamba katika kumcheka nilikuwa mstari wa mbele.

Mnisamehe, wasomaji wangu, miaka ile ilitufundisha kushuku. Maduka yalijaa ghafla, na kila kilichojaa tulikitilia shaka. Betri mpya ilikata roho kabla taarifa ya habari haijaisha, viatu vilibanduka soli njiani kutoka sokoni, na dawa ya ng'ombe ilikuwa maji yaliyotiwa rangi. Tukajizoeza kunusa, kukwaruza na kugonga kila kitu kabla ya kununua. Tatizo ni kwamba tulianza kuwapima hivyo hata watu.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha chai kilichopata mmiliki mpya. Majani mabichi hunyaushwa kwanza juu ya vitanda virefu vya wavu, feni ikipuliza hewa kutoka chini. Kitanda kimoja kilikuwa kinaharibu majani upande mmoja, yanageuka mekundu, na wakulima walilaumiwa kwamba wameleta majani ya jana. Injinia akaomba kujaribu. Alifumua sweta lake la mitumba, akakata vipande vya uzi na kuvifunga kwenye wavu mtupu, mistari kwa mistari. Wakulima waliokuja na majani yao wakasimama mlangoni. Mzee mmoja wa Kawetele akamuuliza, "Wewe kijana, hizo nyuzi umemfungia nani?" Naye akajibu kwa upole, akimwita baba kwa lugha ya kwetu, "Nimeufungia upepo, tata, tuone unapita wapi." Jibu hilo lilimmaliza Injinia. Kabla ya jua kuzama, Rungwe nzima ilijua kuna mtu anaroga chai.

Meneja hakuwa mjinga. Aliona feni ilipowashwa nyuzi za upande mmoja zikisimama na za upande wa pili zikilala, maana hewa haikufika huko. Alitaka kumwajiri asimamie mitambo, ila aliogopa kelele za wakulima. Akaniita, mimi mwalimu wa fizikia, akaniuliza, "Mwalimu, huyu kweli amesomea ndege?" Nikamjibu, "Cheti chake sijakiona." Ulikuwa ukweli mtupu, na niliusema nikijua utafanya kazi gani. Kesho yake mlinzi alimzuia getini. Alirudi kwenye mashine zake za kusaga, na hakuziacha mpaka anafariki. Tulipokutana aliendelea kunisalimia vizuri, jambo ambalo nalo nililitilia shaka.

Siku ya mazishi mjane wake aliniomba nisome wasifu wa marehemu. Nikaona palipoandikwa shahada ile, na kabla sijajizuia nikauliza, "Mama, cheti kipo, ili nisikosee jina la shahada?" Alinitazama kidogo. "Hata leo, mwalimu?" Akaingia ndani, akatoka na kitabu kinene kilichofungwa kwenye kitenge, tasnifu ya marehemu. Akanifungulia ukurasa wenye picha ya bawa la ndege, na juu ya bawa zima vimebandikwa vipande vya uzi, mistari kwa mistari. "Alikuwa akisema wengine hawakusoma haya," mama aliniambia. "Wewe wa fizikia ndiye aliyekungoja umuulize nyuzi ni za nini."

Niliusoma wasifu wote bila kuruka neno. Nilipokaa, jirani yangu kwenye benchi akaninong'oneza, "Umekiona cheti?" Nikamwambia sijakiona, na sitakiomba tena. Kushuku hakukuwa kosa langu, maana zama zile asiyeshuku aliuziwa maji kwa bei ya dawa. Kosa langu ni kwamba nilishuku bila kumuuliza mwenyewe, na swali la nyuzi, ambalo lingempa mtu yule kazi, nimekuja kulijua akiwa jenezani.