Migomba ya Atupele

Kisondela nzima humwita bibi yule Mama Atupele, ingawa Atupele hakuishi hata kuota meno. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Atuganile na mumewe Enosi, mchuma chai. Homa ilimchukua angali mchanga, jina likabaki kwa mama. Hellen alizaliwa baada yake, akaishi, akasoma mpaka akachoka kusoma, akawa mkurugenzi wa kampuni. Lakini hajapata kumsikia mtu hata mmoja akimwita mama yake Mama Hellen. Ukimuuliza, husema amezoea.

Katika ukoo wao kuna desturi. Mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa nyuma ya nyumba na juu yake hupandwa mgomba. Shina hilo ni lake. Msichana akiolewa, mama yake huchimba chipukizi kwa mikono yake mwenyewe, akafunga mizizi kwa majani makavu ya mgomba, akamkabidhi mlangoni, nalo hupandwa kwa mume. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuchimba, awe baba, awe shangazi. Na mtoto akifa, shina lake halitolewi kitu. Ndizi mtakula, majani mtafunikia chungu, lakini chipukizi halitoki pale. Maana mwenye shina hajui kutembea, na ukimtoa atapotea njia.

Hellen aliyajua yote hayo tangu anapakatwa. Alipokwenda Morogoro kusomea mimea aliondoka nayo kichwani, na aliporudi baada ya miaka mingi ya kufanya utafiti alikuwa nayo bado, ila chini kabisa, yamefunikwa na mambo mengine.

Alirudi wakati wa mnyauko. Wasioujua ugonjwa ule washukuru Mungu. Majani ya mgomba yanageuka manjano, yanalegea na kuning'inia kama sketi iliyolowa. Ukikata shina, ndani kunatoka uteute wa rangi ya usaha. Mashamba ya Kisondela yalianguka moja baada ya jingine. Nyuma ya nyumba ya Atuganile, shina la kwanza kukauka lilikuwa la Hellen mwenyewe. Yakafuata mengine. Likabaki moja tu katikati ya mabua yaliyooza, kijani, majani yanang'aa maji, kama vile habari za ugonjwa hazijalifikia. Shina la Atupele.

Mtafiti mwingine angeandika makala, akapigiwa makofi mkutanoni, yakaisha. Hellen hakuwa hivyo. Kwake utafiti uliobaki kabatini ulikuwa sawa na unga usiosongwa ugali. Aliwakusanya walimu, wauguzi na wafanyakazi wa kiwanda cha chai, akawashawishi wachange na kuwa wanahisa. Akakodi ghala la zamani la kahawa pale Tukuyu, akalipaka chokaa, akaweka rafu na taa nyeupe na mashine ya kuchemshia vyombo. Watu wakasema binti Enosi amepata wazimu, anataka kuotesha migomba kwenye chupa.

Jumapili moja, mama yake alipokuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Hellen alipiga magoti nyuma ya nyumba na kisu chake kidogo cha maabara. Alifukua chipukizi changa la lile shina, akakata kiini chake, kipande kisichozidi punje ya harage. Akafukia palepale, akasawazisha udongo kwa kiganja.

"Sijatoa mche," alijiambia akinawa. "Nimetoa punje tu."

Punje ile aliiweka katika chupa yenye chakula chake, kitu kizito kinachotetemeka kama uji uliopoa. Ikachipua. Akaigawa, vikawa viwili, akagawa tena. Kabla ya mwaka kwisha rafu zilijaa chupa kutoka sakafuni hadi darini, na kila chupa ina vimigomba vidogo vya kijani, vyote mama mmoja, vyote sura moja. Vilipopata nguvu vilihamishiwa kitaluni, kisha vikauzwa Kawetele, vikauzwa Kiwira. Mnyauko ulivizunguka ukavipita. Wale waliocheka wakaja na vikapu.

Wa kwanza kusema neno alikuwa Elina wa Kawetele, mama mjane mwenye maneno mengi. Alifika ofisini kuongeza miche, akakaa, akavua kandambili zilizojaa tope.

"Dada Hellen, miche yako mizuri. Ila mbona hukutuambia kwamba inakuja na mtoto?"

"Ya chupa haizai mpaka ikomae, mama."

"Sisemi chipukizi. Nasema mtoto, binadamu. Wa kike. Ukungu ukishuka, mchana kweupe, namkuta katikati ya mistari. Ananiuliza, 'Mama yupo?' Nikimwambia mama yako nani, ananyamaza."

"Si atakuwa wa jirani?"

"Jirani yangu ni Amoni, na Amoni hana mtoto, ana mbuzi."

Wakacheka wote wawili. Elina akachukua miche yake akaenda zake.

Kisha akaja Benson, mwalimu aliyehamishiwa Kiwira kutoka Singida, mtu wa hesabu, asiye na habari na mambo ya huku. Huyo hakukaa.

"Mkurugenzi, mimi siamini vitu hivi, nakwambia nilichoona tu. Miche ilipokuwa chini ya goti, alikuwa anatambaa. Napalilia, nakuta udongo una alama za viganja. Sasa miche imefika kiunoni kwangu, naye amesimama, amenifika kiunoni. Anaulizia mama yake." Akajigusa tumbo. "Na mkono mmoja hauondoi tumboni. Amekishika kitovu, kama mtoto anayeumwa."

Hapo Hellen hakucheka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa nani? Wakati huo huo ilikuwa imeingia oda kubwa kuliko zote, ya wakulima wa Karagwe, mbali huko kaskazini, lori zima la miche. Wanahisa walikuwa wameanza kunung'unika. Oda ile ikifika salama, kampuni ingesimama. Isipofika, ghala lingerudi kwa mwenyewe, na wote waliomwamini Hellen wangerudi mikono mitupu. Akaamua lori liende, na ya mtoto yatajulikana baadaye.

Lakini habari nazo hupanda bodaboda. Asubuhi ya kupakia, mvua ile nyembamba ya Tukuyu ikiwa inanyunyiza, pikipiki ilisimama getini na Atuganile akashuka, kitenge kimefungwa kifuani, miguu imelowa.

"Shikamoo, mama," Hellen alisema.

"Marahaba. Wewe, gwe, mtoto wangu yuko wapi?"

"Si mimi hapa, mama."

"Sikukuulizia wewe."

Vijana wa kupakia waliacha kazi. Lutufyo, dereva wa lori, alishusha kioo ili asikie vizuri.

"Watu wa Kawetele wananiambia miche yako ina mtoto wa kike anayeulizia mama, anapita nyumba kwa nyumba. Ananitafuta mimi," Atuganile alisema. "Kwa watu nisiowajua! Nilimlaza nikamfunika, nikamwacha penye kitovu chake atulie. Nani kamtoa?"

"Nilikata punje tu, mama. Kidogo hivi." Hellen alionyesha ncha ya kidole.

"Atupele mwenyewe alikuwa kidogo hivi."

Hellen alikishusha kidole.

"Na gari hili linakwenda wapi?"

"Karagwe."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mbali, bibi," Lutufyo alidakia. "Huko ukisema ndizi wanakucheka, wana jina lao."

"Wewe kazi yako usukani. Mdomo upumzishe." Akamgeukia bintiye. "Sikiliza. Hapa karibu ningetembea, ningemwita shamba kwa shamba mpaka arudi. Huko siwezi kufika. Gari hili likiondoka naye, usinijie tena Kisondela. Nitakuwa nimezaa mmoja, na huyo mmoja umenipotezea."

Hellen alitazama trei zilizopangwa, akawatazama vijana wake. Alikumbuka nyuso za wanahisa. Halafu alimtazama mama yake aliyesimama mvuani akitetemeka, akaona hawezi.

"Shusheni," alisema. "Yote. Naenda kuzima taa."

Maana ile miche ya ndani ya chupa, taa zikizimwa, hufa yenyewe.

Alitembea haraka kwenye korido kabla moyo haujageuka, na mama yake nyuma. Janeth, msichana wa maabara, aliwakimbilia na koti jeupe mkononi, "Bibi, viatu! Bibi, jamani, koti!" lakini Atuganile alimpita kama anayepita nguzo.

Hellen akafungua mlango wa chumba cha kukuzia. Akasimama.

Mimea hufuata taa, na taa zilikuwa juu. Lakini vimigomba vyote, katika chupa zote, rafu zote, vilikuwa vimelala upande mmoja, vimeelekea mlangoni. Jana yake jioni vilikuwa wima. Na chupa zilikuwa na ukungu kwa ndani. Ukungu ulitanda, ukafifia, ukatanda, ukafifia, taratibu, zote kwa pamoja, kama pumzi za aliyelala. Katika chupa moja iliyo karibu na mlango ukungu ulikuwa umefutika mahali, alama ndogo yenye vidole vitano.

Hellen alinyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," mama yake alisema.

"Mama, wewe mwenyewe—"

"Usizime taa, gwe. Atashtuka."

Sauti ile Hellen hakuwa ameisikia maishani mwake. Atuganile aliingia kwa nyayo za mtu aliye karibu na kitanda cha mtoto. Akainama juu ya ile chupa, akaweka kiganja chake penye alama. Akakaa hivyo muda mrefu, midomo inacheza. Ukungu wa chupa zote ulitulia.

"Hawa wanakua?" aliuliza bila kugeuka.

"Wakitoka nje kwenda kitaluni wanakua. Wakibaki humu tunawagawa kila mara, wanaanza upya."

"Kwa hiyo yupo anayekua, na yupo atakayebaki mchanga siku zote."

"Ndiyo, mama."

Bibi alivuta kigoda cha Janeth, akakaa, akafikiri. Mwishowe akasema, "Anayekua ni msichana. Msichana hazuiliwi nyumbani. Ila hatolewi na mdogo wake kichwa chini kama kuku wa wizi. Hutolewa na mama."

Akanyanyuka akatoka nje. Trei zilizokuwa zimeshushwa alizipandisha tena mwenyewe, moja moja, hakukubali kijana azishike kabla yake. Kwa kila trei aliitisha majani makavu ya mgomba, akayatandika chini ya mizizi, akasema kwa Kinyakyusa maneno yale yale: nenda mwanangu, kwenu ni Kisondela, mama yako ni Atuganile, ukipewa chakula ule, wala usiulize tena. Mvua ikanyesha, ikakatika, ikanyesha. Lutufyo alizima redio bila kuambiwa. Lilipoondoka lori, bibi alilipungia kitenge mpaka likapotea kwenye kona ya barabara ya Mbeya.

Karagwe miche ilishika. Oda zimefuata oda, na Hellen siku hizi huitwa mikutanoni kuwaeleza wenzake jinsi ya kuutoa utafiti kabatini ukawa biashara. Huongea vizuri. Hili haliongelei.

Elina naye alirudi ofisini, safari hii bila mzaha. "Haulizi tena," alisema. "Anasimama tu kwenye ukungu, ananitazama. Dada Hellen, amekuwa mrefu kunipita."

Na Atuganile hushuka kila asubuhi kwa bodaboda kutoka Kisondela. Ana rafu yake, ya chini karibu na mlango, ambayo haiuzwi. Ananawa, anavaa koti jeupe juu ya kitenge, anafunga mlango. Janeth akitaka kugawa mimea ya rafu ile hubisha hodi kwanza, na kisu hukishika chini ya macho ya bibi. Anayepita koridoni husikia wimbo wa kubembelezea, kisha kimya kifupi, kisha bibi anacheka, kama mtu aliyejibiwa.

Juzi, Hellen alikwenda kumwita wale pamoja. Alikuwa amempikia mwenyewe ndizi za nyama, chakula anachokipenda. Akagonga.

"Mama, chakula kinapoa."

"Shh," sauti ilisema kutoka ndani. "Ngoja. Ndiyo kwanza analala."

Mkurugenzi akaegemea ukuta wa korido, funguo za jengo zima mkononi, akangoja.