Kichwa cha Treni na Mafuta ya Nywele

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyopata moto, sikumbuki jikoni kwa mama. Nakumbuka kichwa cha treni. Mtanicheka, lakini ndivyo.

Baba alikuwa fundi saa pale Mchafukoge, na ugonjwa wake ulikuwa treni za umeme za kuchezea, zile kuukuu. Mzungu akifungasha kurudi kwao, baba yuko mnadani. Alichokipenda kuliko vyote ni kichwa kimoja cha kijani, kizito, chenye umri kunizidi. Kila Jumapili alitandaza reli sebuleni, akashika swichi, mimi na kaka zangu watatu tukatazama. Kugusa ilikuwa marufuku.

Siku moja baba mdogo alikuja kutoka Upanga akamwambia, mbele ya mama, kwamba anajaza nyumba vyuma chakavu. Baba akapandwa na hasira, akaapa: Jumapili ijayo kile cha kijani kikishindwa kuvuta mabehewa sita, anaviuza vyote.

Nikaona nikisaidie. Jumamosi mchana, kwa siri, nilikipaka kila gurudumu na kila jino mafuta bora kuliko yote niliyoyajua, yale aliyonipaka mama kabla ya kunisuka. Kilinukia, nikajisifu sana.

Kulipokucha kulikuwa na baridi ya kipupwe. Baba akawasha. Kichwa kikaguna, kikatulia. Akawasha tena, kikaguna tu. Baba mdogo, aliyekuja kushuhudia, aliendelea kunywa chai yake, na hilo lilituuma zaidi.

Nikatupa jicho dirishani, kwenye chupa ya mafuta niliyoiacha hapo jana. Yalikuwa yameganda, meupe pe.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Nimekipaka mafuta ya nazi, nayo yameganda. Tukiweke juani."

Hakunigombeza. Alinikabidhi kichwa chenyewe, nikakaa nacho kibarazani nikikigeuza kama andazi, nikifuta mafuta kwa kitambaa kila yalipoyeyuka. Niliporudi ndani akanionyesha pa kukaa, na swichi akanipa mimi. Mabehewa yote sita yalizunguka sebule, yakapita mbele ya miguu ya baba mdogo. Sijawahi kujivuna vile.

"Huyu ndiye fundi wangu," baba akasema.

Nilidhani ananibembeleza tu mbele ya mgeni. Kaka zangu waliiomba swichi ile mpaka wakaota ndevu, hawakuipata. Miaka mingi baadaye, nilipoketi kwenye meza yake ya saa, nayo sasa ni yangu, ndipo nilipoelewa kwamba asubuhi ile baba alikuwa amekwisha kuchagua mrithi.