Jaketi Alilochagua Baba

Baba yangu alikuwa na jaketi la ngozi la marubani wa vita, na kwa miaka mingi sikumwona mtu mwingine kijijini kwetu Maretadu mwenye vazi kama lile. Alilipata ujanani, alipokuwa kibarua kwenye uwanja mdogo wa ndege. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza ng'ombe na mbuzi kabla ndege haijatua. Siku moja rubani mmoja mzungu, mzee aliyekuwa anarudi kwao moja kwa moja, alilivua jaketi lake akampa. Alisema baba yake alilivaa vitani, akirusha ndege, na kwao hakuna mtoto aliyelitaka.

Baba alilivaa kila kipupwe. Alilivaa kanisani, mnadani, na hata akipeleka ng'ombe kwenye josho. Mama alikuwa akisema kwamba yeye akifa baba atapata mke mwingine, ila jaketi likichanika hatapata jingine. Mama akafa kwanza, na baba hakuoa.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani kutoka Masakta, nikamkuta baba anaishi peke yake. Jaketi lilikuwa limening'inia kwenye msumari jikoni. Panya walikuwa wamekula bitana, kile kitambaa cha ndani. Kwapa zote mbili zilikuwa zimefumuka, zipu haifungi, na manyoya ya kola yameisha. Ngozi yenyewe ilikuwa imekakamaa kwa moshi. Asubuhi baba alijifunika blanketi, akisema hasikii baridi, na huku meno yake yanagongana.

Tulizaliwa wawili tu, mimi binti na kaka yangu. Yeye alisoma, akaajiriwa serikalini, akahamia Dodoma. Nyumbani alikuja Krismasi moja, akaruka mbili.

Mwaka ule kanisa letu lilipanga ibada ya kuwashukuru wazee waliolitumikia, na baba alikuwa mmoja wao. Angeitwa mbele. Nikaamua kwamba siku hiyo atavaa jaketi lake. Nililitia kwenye kiroba nikalipeleka kwa fundi viatu mmoja Haydom, mzee mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hili umelifukua kaburini?"

Aliligeuza ndani nje, akakunja mkono wa jaketi, akaunusa. Akalilaza mapajani.

"Ngozi bado ni nzima," alisema. "Kilichokufa ni uzi. Lakini usiniharakishe. Ukiniharakisha nitaliharibu."

Nilimwachia. Alifumua mishono yote, akaishona upya kwa mkono, akipitisha sindano kwenye matundu yale yale ya zamani ili asiitoboe ngozi mara ya pili. Alifuta moshi kwa kitambaa chenye unyevu, akapaka mafuta, akaacha yanywewe kivulini, akapaka tena. Zipu ya chuma aliitoa kwenye koti la mtumba. Ngozi ya kola nilimpelekea mimi, ya kondoo wetu. Bitana niliishona mwenyewe kutoka kwenye gauni la kanisani la mama, kwa sababu sikuwa na kitambaa kingine kizito, na kwa sababu nilitaka. Kiwiko cha kushoto kilikuwa na kovu la pembe ya ng'ombe. Fundi aliuliza alifiche au aliache. Nikamwambia aliache.

Kaka nilimweleza kwa simu. Akacheka kidogo.

"Mdogo wangu, acha kushona matambara. Siku hizi wanatengeneza yale yale, mapya."

Sikujua kwamba alikuwa ameshaagiza.

Alifika Ijumaa kabla ya ibada. Jioni ile, baada ya chai, majirani kadhaa wakiwa wamekaa sebuleni pamoja na baba mdogo, alitoa mfuko na kukunjua jaketi la rangi ya kahawia linalong'aa. Lilikuwa na beji ya mabawa kifuani. Mabegani na viwikoni, kiwandani walikuwa wamelikwaruza makusudi, lionekane limevaliwa miaka mingi.

"Baba, hili ni kama lile la vita," alisema. "Mshono kwa mshono. Ila halina moshi wala panya."

Nami nikaenda chumbani nikalileta la zamani.

Baba alivaa langu kwanza. Alitia mikono mifukoni, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Alipapasa lile kovu la kiwikoni bila kulitazama. Kisha akalivua, akavaa la kaka. Lilimbana kwapani, na kila alipogeuka lililia kama karatasi. Majirani walilisifu. Mmoja alisema baba amekuwa kijana.

"Sasa, kaka," baba mdogo akamuuliza baba, "Jumapili utavaa lipi?"

Baba alimtazama kaka yangu.

"Nitavaa hili la mwanangu."

Na mimi ni mwanawe. Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai mkononi.

Halafu akaongeza, akimwambia kaka, "Lile la zamani chukua wewe. Ni urithi wa mtoto wa kiume."

Kaka alilikunja akalitia kwenye begi lake. Hakuuliza nani alilitengeneza, alijua.

Jumapili baba aliitwa mbele, akapigiwa makofi. Jumatatu kaka akapanda basi. Mchana wake mimi na baba tulikaa uani tukipukuchua mahindi, nikamuuliza.

"Baba, jaketi nililolitengeneza lilikuwa na kasoro gani?"

"Halikuwa na kasoro."

"Lile jipya lilikubana. Nilikuona."

"Lilinibana."

"Sasa?"

Alimaliza hindi alilokuwa nalo, akachukua jingine.

"Wewe upo," alisema. "Kesho upo, keshokutwa upo. Yule nikimkatalia zawadi yake mbele ya watu, hatarudi."

"Na mimi nikiondoka?"

"Uende wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Nilizoa magunzi nikayapeleka jikoni.

Kaka hakurudi Krismasi ile, wala iliyofuata. Kipupwe cha pili lile jaketi jipya lilianza kubambuka. Halikuwa ngozi, ulikuwa utando mwembamba uliopakwa juu ya kitambaa. Magamba yake yalimshika baba shingoni, yakaanguka kwenye chai na kwenye shuka zake. Kila asubuhi nilikung'uta shuka. Baba aliendelea kulivaa. Nilimnunulia sweta, akalikunja akaliweka. Alisema kaka akija ghafla akute amevaa jaketi lake.

Alipougua akazidiwa nilimpeleka hospitali. Nililala kwenye benchi siku zote zile, nikimlisha uji kwa kijiko. Kila mlango ulipofunguliwa aliniuliza, "Kaka yako amefika?" Neno la mwisho aliloniambia ni hilo. Watu hunifariji kwamba wagonjwa huongea tu. Baba alikuwa na akili zake zote.

Kaka alifika siku ya maziko, amevaa jaketi la zamani. Lilimkaa vizuri. Alipokea pole za watu akiwa amelivaa, na waombolezaji walipolisifu aliwasimulia habari za rubani na vita. Nilikuwa napita na sufuria ya maharage nikamsikia anamwambia mchungaji, "Lilikuwa limeoza kabisa. Nikalifanyia matengenezo."

Nikaweka sufuria chini.

"Hukulifanyia wewe," nilisema. "Fungua, mwonyeshe bitana. Mwambie ni gauni la nani."

Watu wakageuka. Kaka alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza.

"Mdogo wangu, hata leo?"

Baba mdogo alinishika mkono akaniongoza jikoni. "Msiba si mahali pa kudai sifa," aliniambia. Niliwasikia wanawake wakisemezana kwamba tangu niachike nimekuwa na uchungu na kila mtu. Nilipakua chakula mpaka wageni wote wakala.

Mwezi uliopita kaka alinipigia simu nikiwa shambani, nang'oa maharage.

"Dodoma ni joto," alisema. "Hili jaketi la mzee silivai, linachukua nafasi tu kabatini. Nikutumie kwa basi?"

Niling'oa shina jingine la maharage.

"Likae huko huko," nikamwambia.

"Mbona? Si ulikuwa unalitaka?"

"Nilikuwa nalitaka."

Nikakata simu. Nilijua nitalijutia jibu lile. Nimelijutia, tena sana, na baridi imeanza. Lakini sijampigia.