Barabara za Stesheni ya Kabula

Enzi zetu pale Dutwa, gari la mtoto halikununuliwa. Ulilikata mwenyewe kwenye kopo la samaki, ukalitia matairi ya kandambili iliyokwisha, na ukijikata kidole ulinyamaza, maana mama angekuongezea kofi juu ya kidonda. Wa rika langu mnanielewa. Wengine waulizeni wazazi wenu.

Treni hatukuwa nayo mpaka alipokuja Kabula. Huyu alikuwa binti wa shangazi yangu, kakulia Malampaka jirani na stesheni, na baba alimleta kwetu tuishi naye baada ya shangazi kufariki. Wiki nzima hakucheka. Ugali aliumegamega tu na kuuacha. Mama alikuwa akimbembeleza, "Mayu, mama yangu, kula hata tonge moja," kisha anakwenda jikoni kufuta machozi akisingizia moshi. Baba akaanza kusema labda amtafutie ndugu wengine wa kukaa naye, huko huko alikozoea. Mimi na mdogo wangu Masanja hatukutaka aondoke. Tukamwomba atuonyeshe stesheni ilivyo, tuijenge uani.

Kumbe tumejitafutia bosi! Reli ilikuwa kazi ndogo: fito mbili juu ya mataruma ya mabua ya mtama. Shida ilikuwa barabara. Tulipaka udongo mweusi wa mbuga, ukakauka na kupasuka vipande vipande. Kabula akatutuma kuleta mavi mabichi ya ng'ombe, tukayakanda na ule udongo pamoja na majivu na masizi ya sufuria, tukasawazisha kwa kuviringisha chupa. Ikatoka lami nyeusi ya kujivunia. Masanja akataka ibaki inang'aa.

"Barabara ya stesheni haiwi mpya," Kabula akamwambia. "Toboa mashimo."

Akamwaga vumbi pembeni, akasugua majivu pale magurudumu yanapopita, na kwenye maegesho ya malori ya pamba akadondosha oili chafu tuliyoitoa mashine ya kusaga, kana kwamba malori yalilala pale jana. Mikokoteni nayo ilipewa sehemu yake, mbali na malori, ng'ombe wasishtuke.

Ikabaki mistari myeupe ya maegesho. Chokaa hatukuwa nayo, ila nyuma ya zizi kulikuwa na udongo mweupe wa chumvi, ambao baba aliuchimba mbugani kwa ajili ya ng'ombe kulamba. Tukausaga, tukachora mistari iliyonyooka, tukasimama kujisifu.

Watoto wa wafugaji kabisa, na hakuna aliyewaza! Jioni mifugo ikarudi. Ng'ombe wa mbele akanusa, akasimama katikati ya maegesho, akaanza kulamba mstari wa kwanza. Wenzake wakajipanga. Wakalamba mistari, wakalamba na lami, mmoja akaondoka na kipande cha reli kimenasa kwenye kwato. Masanja alilia. Mimi nikamtazama Kabula kwa woga, nikijua sasa ndiyo basi, huyu anaondoka.

"Lakini wameegesha vizuri," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamkuta anacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia hivyo hivyo na matope yake. Siku hiyo Kabula alimaliza ugali. Kesho yake akaanza barabara mpya, inayotoka stesheni hadi mlangoni kwetu, na baba hakutaja tena habari za ndugu wengine.

Siku hizi uani kuna sementi. Wanangu wana barabara zao kwenye simu, zimeshawekwa lami na taa, ukigonga unaanza upya bila hata kuchubuka goti. Nilipowasimulia haya, mkubwa akauliza, "Baba, hiyo gemu inaitwaje?" Nilicheka nao. Lakini akiletwa kwetu leo mtoto mwenye huzuni kama ile, najua tutakachofanya. Tutampa simu. Atanyamaza upesi, nasi tutadhani amezoea.