Bloku Iliyopasuka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikifika stegi ya matatu ya Kiuu hapa mtaani tu, naanza kupiga simu kuuliza nyumbani wanaendeleaje. Kwa hivyo watu walishangaa waliposikia nina gari la zamani, na waliponiuliza huwa naenda nalo wapi niliwajibu ukweli: siendi, huwa nalizunguka.

Gari lenyewe ni pikapu ya pua ndefu na taa za mviringo, lenye umri mkubwa kuliko wa mke wangu, na hilo ameniomba nisiliseme mbele za watu. Si langu peke yangu. Ni letu wawili, mimi na kaka yangu mkubwa. Yeye anakaa Membley, kwenye korti, zile nyumba za geti moja, ambako tone moja la oili juu ya matofali ya kabro ni kesi, na gari letu lilikuwa likidondosha kama pua ya mtoto wa nasari. Basi likawekwa kwangu uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Kila Jumamosi kaka alikuja na ovaroli lake mkononi, tukafungua kitu, tukakifunga, tukanywa chai. Mimi sikuhitaji kutoka. Kaka ndiye aliyekuwa akitoka kwa niaba yangu.

Miaka mingi alirekebisha mashine katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika, na kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kuona chuma asikigonge. Chuma kizima huimba, alikuwa akisema, na kilichopasuka hukohoa. Mke wangu alimpiga marufuku kugusa vyombo vyake siku alipomwambia, mbele ya wageni, kwamba karai lake jipya lina kikohozi.

Alikuwa na ahadi moja. Mama yetu anaishi Ngoliba, ukipita Thika na kuendelea, na kaka alimwahidi kwamba atampeleka kanisani kwa pikapu hiyo, amekaa mbele kama mke wa gavana. Tulijaribu mara mbili. Mara zote mbili gari lilichemka njiani, tukakaa kando ya barabara tukililia maji, na mama akaenda kanisani kwa miguu kama kawaida yake. Baadaye alitupigia simu kutuambia mahubiri yalikuwa mazuri sana.

Halafu mwaka jana ukielekea mwisho injini ikaanza kula oili. Tukiiwasha, uani kulijaa moshi wa bluu, hadi jirani akaniuliza kwa upole kama nimeajiriwa kufukuza mbu wa mtaa mzima. Na miezi hiyo hiyo kaka akaanza kukataa ugali. Alisema unga wa siku hizi ni mbaya. Kisha akaacha githeri, kisha chapati, akabaki na uji. Najua inavyosikika, gari na mwenyewe kuchoka pamoja. Mimi pia niliona, na sikupenda kuona.

Ilikuwa saratani ya koo. Daktari alitutoa hadi kwenye korido, mimi na shemeji, mke wa kaka, kaka akiwa bado ndani anafunga vifungo vya shati. Hakututajia miezi. Alisema tu kwamba kama kuna mambo tungependa kufanya pamoja naye, tusiyaweke mbali. Shemeji akaniomba nisimwambie kaka maneno hayo. Nikakubali, na tangu hapo nikawa na mzigo ambao singeweza kuutua uani kwangu.

Wiki iliyofuata pikapu ikavutwa hadi Thika kwa fundi mmoja aliye nyuma ya viwanda. Kwetu hapa injini ikifunguliwa, mwenyewe hukaa pale. Ukienda nyumbani, pistoni zako nazo zinaweza kwenda nyumbani, lakini kwa mtu mwingine. Kaka hakuwa na nguvu za kukaa, kwa hivyo nilikaa mimi, juu ya kreti ya soda, nikiwa na chupa ya chai na sweta, kama mtu aliyelaza mgonjwa. Mke wangu alipiga simu kuuliza kama nimeshaanza kulia.

Fundi alipomaliza kutazama akaniita. "Mzee, hii injini imechoka lakini haijakufa. Silinda zimelika. Tunachonga, tunaweka pistoni mpya. Bloku, huu mwili wenyewe wa injini, ni nzima kabisa. Chuma kama hiki hawatengenezi tena."

"Itachukua muda gani?"

"Kuchonga ni kazi ndogo. Shida ni pistoni. Hizi haziko Thika, haziko Nairobi. Ni kuagiza ng'ambo. Ukibahatika, mvua ndefu zikiisha."

"Na nisipobahatika?"

"Hapo sasa ni wewe na Mungu. Ama nikuwekee injini ya Japani, niko nayo hapo ndani. Hiyo, Ijumaa unaondoka."

Nilimpigia kaka nikampa habari yote, maana huo ulikuwa ujinga wangu, kusema kabla ya kufikiria. Hakusita. "Tengeneza hiyo hiyo. Tukiweka ya Japani, hilo litakuwa gari lingine limevaa koti letu."

Nilirudi kwenye kreti. Mvua ndefu hazikuwa hata zimeanza. Nilijaribu kumwona kaka zikiisha, sikuweza kumwona, na nikajichukia kwa kujaribu. Nikisema sawa, tuagize, mama angeendelea kwenda kanisani kwa miguu na kaka angelala kitandani akingoja pistoni. Nikisema tuweke ya Japani ili Jumapili twende Ngoliba, angeniuliza haraka ni ya nini. Ningemjibu nini? Maisha yangu yote sijawahi kuwa na haraka ya kitu chochote. Nilichelewa hata harusi yangu, na ilifanyika mtaa wa pili. Mimi nikikimbia, mtu yeyote angejua kuna kitu kinanifukuza.

Nilimfuata fundi. "Nisaidie jambo. Kaka yangu akiuliza, sema bloku imepasuka."

Akaweka chini spana yake. "Mzee, hapa watu huja kuniomba niseme bloku ni nzima ndio wauze gari. Wewe ndiye wa kwanza kuniomba niipasue."

"Ni mgonjwa," nikasema.

Alipangusa mikono, kidole kimoja kimoja. "Mimi siwezi kusema. Lakini kunyamaza naweza."

Nikampigia kaka tena. "Fundi ameangalia vizuri. Bloku imepasuka."

"Imepasuka wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Pembeni kabisa."

Kisha akasema, "Kaa hapo. Nakuja kuona."

Shemeji ndiye aliyemleta, akabaki kwenye gari. Kaka alitembea polepole kati ya magari yaliyofunguliwa, koti likimpwaya mabegani, akisalimia kila mtu kama aliyerudi kazini kutoka likizo. Bloku ilikuwa juu ya meza ya chuma, imeoshwa. Aliizunguka. Alipitisha kidole gumba ndani ya silinda, akapapasa pembeni, pembeni kabisa nilikosema. Halafu akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. "Nipe spana."

Nilimpa mimi. Ningefanya nini?

Akaigonga. Bloku ikaimba. Sauti ilitoka safi na ndefu, ikapita gareji nzima, hadi mchomeleaji wa jirani akainua kioo chake cha uso kutazama. Fundi akakumbuka kwamba ana kazi chini ya gari fulani, akaingia huko. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kaka akagonga tena, upande mwingine, na ikaimba vile vile. Aliweka kiganja chake juu yake mpaka sauti ikaisha.

"Ee," akasema. "Imepasuka."

"Nilikwambia," nikasema, na sauti yangu ndiyo iliyokohoa.

"Imepasuka vibaya. Weka ya Japani."

Nilimshika mkono kumrudisha kwenye gari, naye akakubali kushikwa, jambo ambalo hajawahi kufanya. Kabla hatujafika akasimama. Tukiwa wawili tu huniita kwa Kikuyu, mwana wa mama. "Muru wa maitu, usimwambie mke wangu kwamba nimeona huo ufa."

Jumapili tulienda Ngoliba. Kaka aliendesha, mama akakaa mbele na kitambaa chake cha kanisa, na mimi nikawekwa nyuma wazi, nimevaa suti, nikishikilia ubao kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Injini ya Japani haikuchemka, haikutoa moshi, haikutoa hata sauti ya maana. Tulipokaribia kanisa nilimsikia mama akiuliza kwa dirisha lililo wazi, "Hili gari lenu limepona ama limezimika? Mbona silisikii?" Kaka alicheka hadi akashikwa na kikohozi, tukasimama kando kidogo. Baada ya ibada mama alipakua chakula, akaona kaka hagusi chochote. Alichukua sahani ile akaifunika, akaiweka kando.

Sasa mvua ndefu zimekwisha zamani. Majuzi fundi alinipigia kusema kuna mtu anajua zinakopatikana pistoni za aina ile, angezileta. Nilimwambia asubiri kwanza. Kaka bado yupo. Amekonda, anakunywa uji kwa kijiko, lakini yupo, na ningenyamaza siku ile, injini yake ingekuwa imefungwa na inanguruma uani kwangu. Nilimpokonya kwa sababu niliogopa. Ama nilimpa Jumapili moja ambayo asingeipata. Naigeuza hivi na vile, na siku nyingine jibu ni hili, siku nyingine ni lile.

Bloku iko uani chini ya gunia. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kando yake, hatufungui kitu, kaka akafunua gunia na kuigonga kwa kijiko cha uji. Ikaimba. Kutoka jikoni mke wangu akauliza ni nani anagonga vyombo vyake.

"Mwaka ukiisha nikiwa bado nakunywa huu uji wenu," kaka akaniambia, "tutachomelea huo ufa."

Nikamwambia kuchomelea chuma cha zamani ni kazi ngumu.

"Najua," akasema. "Na huu hata kuuona ni kazi."

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi, kabla hajafika, naipaka bloku oili isishike kutu. Siku akichelewa, naipaka tena.